Udongo Uliokaangwa

"Basi mtafutie jina jingine," dada mtu alisema. "Si umenihubiria miaka yote kwamba fangasi duniani ni wengi kuliko watu? Chagua mmoja mwenye dawa, umwandike huyo, mimi niende zangu nikamwambie mume wangu."

"Dada, hawa si vitambaa vya dukani."

"Usinitajie vitambaa. Nimekuuliza swali la mtu mzima, nijibu la mtu mzima."

Mdogo mtu alikuwa ameshika kisahani cha plastiki chenye mfuniko, na amekishika kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake anayelia, hajui ambembeleze au amrudishe. Ndani ya kisahani, juu ya mgando wa viazi na sukari unaofanana na jeli, ilikuwa imeota pamba. Pamba nyeupe, laini, na katikati yake imeingiwa na zambarau, kama kwamba mtu amedondosha tone la wino, akaona haya, akalifunika. Ukiiona utasema ya kujazia mto wa mtoto. Kumbe hiyo ndiyo kuvu ya mnyauko, inayolala udongoni na kuinyonga migomba kwa ndani, na dada mtu, aliyeketi juu ya stuli ndefu ya maabara miguu ikining'inia na mkoba mapajani, ndiye aliyeleta udongo ulioiotesha. Udongo wa shamba lake mwenyewe.

Huyu mdogo mtu mtaani wanamwita Daktari wa Matope. Kazini kwake, katika kituo cha utafiti wa kilimo chenye lango la bati na mlinzi anayesinzia kwa zamu na mbwa wake, ni mtu wa chumba cha nyuma. Chumba chenyewe ni chembamba kama koo la chupa, kinanuka spiriti na viazi vya kuchemsha, na kwenye kona kina kabati la joto linalokoroma mchana kutwa kama paka aliyeshiba. Wakulima huleta udongo wa mashamba yao, yeye huchota kidogo, hukoroga kwenye maji, hudondosha tone katika kisahani, hulisambaza, hufunika, huweka kabatini, halafu husubiri waliomo wajitokeze.

Na hujitokeza. Udongo wa shamba hata ulale kimya namna gani, una wenyewe. Kuna kuvu za kijani, askari wema, ambazo huwala wenzao waovu. Kuna nyeusi kama masizi ya sufuria, kuna za njano, kuna zenye mbio mpaka zinasukuma mfuniko zitoke zikatembee. Yeye huzitenga moja moja, huinyofoa kila moja kwa mkanda wa gundi, huibandika kwenye kioo, huitia rangi ya bluu, huinama kwenye hadubini na kuisoma sura. Wanaomjua wanasema akishainama pale, jengo likiwaka moto huwaambia wazima moto wapunguze kelele.

Alianza utotoni. Kitinda mimba hupewa mwisho wa mkate, na mwisho wa mkate wakati mwingine huja na manyoya. Wenziwe walikuwa wakilia au wakiyakwangua. Yeye aliutia mkate chini ya kitanda ili aone utafika wapi. Ukafika mbali. Ulifuga ndevu ndefu kuliko za babu yao, mpaka babu akauonea wivu akahama chumba, na anayesema huo ni uongo basi hakuwahi kulala nyumba ile. Dada mtu ndiye aliyeutoa mkate kwa koleo akautupa. Mama yao alikuwa ameshakufa wakati huo. Dada ndiye aliyembeba huyu mtoto mgongoni, akamnyoa, akamchapa, akamsomesha na akamwoza, kwa hiyo hata leo, mvi zimemwingia masikioni na koti jeupe lina jina la kituo mfukoni, dada akimwambia kaa, anakaa.

Mkewe, fundi cherehani, alimkatalia kurudi nyumbani na visahani tangu ile siku mama mkwe alipofungua jokofu, akaona kitu cha waridi chenye pamba juu, akadhani ni peremende za wageni, akachukua kijiko. Hakufa. Tena tangu siku ile hajawahi kukohoa, na wajukuu wake wameanza kuingiwa na wasiwasi.

Watu husikia hayo wakacheka, wakaishia hapo. Hawajui upande wa pili wa kazi ile. Mtu akisikia neno daktari, hungoja sindano. Daktari wa Matope hana sindano. Ana jina tu. Mkulima husafiri na udongo wake kwenye mfuko, hungoja siku nyingi, huja kuketi juu ya stuli ile ile, naye humwambia: bwana, shamba lako lina fulani. Halafu? Halafu lipumzishe. Panda kitu kingine. Choma mabaki. Mkulima hutikisa kichwa, hutazama koti jeupe, hutazama hadubini, hungoja lile neno la mwisho ambalo halipo. Mzee mmoja aliwahi kumuuliza, "Sasa jina nimelijua. Nimwite aje tule?" Akaondoka bila kuaga, na Daktari wa Matope akakaa mpaka kufunga ofisi akiwa hajagusa kioo.

Hao walikuwa wageni. Sasa mgeni alikuwa dada yake.

Dada huyu ameolewa na dereva wa lori, mwanamume mpana, mcheshi, aliyeitwa Breki kwa sababu alikuwa akizidharau. Alisema breki ni za watu wasiojua waendako. Breki alizeeka barabarani, kisha presha ya macho ikamfika polepole kama mwizi mwenye adabu: ikaanza na pembeni, ikaingia, ikamwachia katikati upenyo mdogo wenye vivuli. Hospitali wakasema kilichokwenda hakirudi. Leseni ikachukuliwa. Kwanza alikaa mlangoni kwenye kiti cha lori alichokifungua mwenyewe, gari likipita akilitajia ugonjwa wake kwa kusikia mlio, na hakukosea. Mara moja alimsimamisha mwenye teksi akamwambia gurudumu la kushoto nyuma linaaga, na halikufika kona. Baadaye akaacha hata hilo. Akaingia ndani, akalala, akageukia ukuta. Aliutazama ukuta ule mpaka rangi ikabanduka kwa aibu. Dada mtu alimpikia, akamsemesha, akamtukana, akamlilia. Ukuta ulikuwa mtamu zaidi.

Halafu siku moja akasema, bila kugeuka, "Nataka kupanda migomba."

"Migomba wapi?"

"Kule bondeni. Mgomba unaongea na mkono. Ukiushika unajua una kiu, unajua umeshiba, unajua umebeba mtoto. Sihitaji macho."

Bondeni pale palikuwa na migomba ya mpangaji zamani, ikafa imesimama, na hakuna aliyejua ilikufa nini. Ndipo dada mtu alipokumbuka kwamba hakumlea mtu bure. Akasema udongo uende kwanza kwa mdogo wangu, auone.

Alipofika bondeni akachimba, akatazama alichochimba, uso ukamshuka. Minyoo. Mizizi. Siafu wamebeba mayai yao. Ndugu yake anafanya kazi mahali ambapo watu wanavaa mikono ya mpira ili wasichafue matope, sasa yeye apeleke udongo wenye siafu? Wenzake wangesema huyu kumbe kwao ndiko huku. Akaubeba nyumbani. Akautoa minyoo mmoja mmoja, akauchekecha kwa chekeche la unga, akaona bado hauna heshima, akainjika kikaango, akaukaanga. Aliukaanga vizuri, kwa moto wa wastani, akiugeuza, mpaka ukatoa harufu na jirani akachungulia kuuliza leo kuna nini. Ukapoa, ukatiwa katika mfuko wa kitambaa uliopigwa pasi, ukapelekwa.

Daktari wa Matope aliukoroga, akaudondosha visahanini, akangoja. Hakikuota kitu. Si ya kijani, si nyeusi, si uzi mmoja. Visahani vilitoka kabatini vimeng'aa kama vioo vya saa. Na hapa ndipo pa kumhurumia, maana hata vumbi la dirishani huotesha kitu. Hata udongo wa kaburini. Kisahani kitupu kabisa ni sawa na kugonga nyumba yenye watoto kumi ukakosa hata kikohozi: unajua kuna jambo. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeuliza. Lakini maisha yake yote mtu huyu amewapa watu habari mbaya, na sasa mara ya kwanza ana habari njema, tena ya dada yake, tena ya kumwinua shemeji yake kitandani. Hakuuliza. Alipiga simu hapo hapo, koti bado mwilini. "Dada, bonde lenu ni safi. Mwambie apande."

Breki akainuka. Alifunga kamba kutoka kisiki hadi kisiki ili imwongoze, akapanda mstari kwa mstari, na kila mgomba akaupa jina la utingo mmoja aliyewahi kumfanyia kazi. Kila asubuhi aliifuata kamba akiwakaripia. Wewe umelewa, simama wima. Wewe mvivu, nilikuambia. Alianza kula. Alianza kuimba, jambo ambalo majirani hawakulifurahia sana. Na machipukizi yalipotoka akaanza kuyang'oa na kuyagawa, huku moja, kule mawili, kwa kila aliyepita na kusifu.

Mwaka haujazunguka, majani ya chini yakaanza kugeuka njano.

"Ulisema safi," dada mtu alisema sasa, akiutazama mkoba wake.

"Nilisema udongo ulioletwa ni safi. Kumbe ulikuwa umekaangwa, dada, leo ndiyo unaniambia. Hata mimi ukinikaanga nitakuwa safi."

"Hukuuliza kama umekaangwa."

"Nani anauliza udongo kama umekaangwa?"

"Wewe. Wewe ndiye uliyesoma udongo. Mimi nimesoma nini, kukaanga. Kila mtu alifanya la kwake, la kwako hukulifanya."

Hilo lilimkaa. Akaweka kisahani mezani taratibu. Pembeni yake kulikuwa na kipande cha shina alichokuja nacho dada leo, kimekatwa kama tango, na ndani yake mishipa imebadilika rangi, nyekundu iliyoungua, kama nyuzi za chai iliyokaa sana. Udongo wenyewe ulitangulia wiki kadhaa, safari hii mbichi, na siafu wake. Alikuwa ameomba vibaya, yeye asiyeomba sana, kwamba iwe kitu kingine chochote. Alirudia visahani. Alirudia tena. Aliinama kwenye hadubini akakuta zile mbegu zake zimejipanga kwenye bluu, ndogo, zimepinda, zimechongoka ncha zote mbili, kama vindizi. Hata kichana hazikukosa. Muumba naye ana utani wake.

"Nieleze taratibu," dada alisema, na sauti sasa ilikuwa imeteremka. "Dawa hakuna?"

"Hakuna."

"Ya kunyunyiza?"

"Iko ardhini, dada, na iko ndani ya shina. Unyunyize wapi?"

"Majivu? Chokaa?"

"La kuvunda halina ubani."

"Itakaa muda gani?"

"Itatuzika sote. Ikikosa mgomba inajikunja, inalala, inangoja. Ikipandwa mgomba inaamka."

Dada mtu aliliangalia lile kabati linalokoroma, kana kwamba ndani yake amelala mtu anayeweza kukata rufaa.

"Kwa hiyo?"

"Muing'oe migomba yote. Mchome pale pale, msihamishe hata jani. Mahindi yatakubali, maharage yatakubali. Migomba hapana."

"Mahindi," dada alisema. "Mahindi unayashika wapi? Unakaa nayo miezi mitatu, yamekauka, umevuna, umerudi ukutani. Wewe hukuuona ule ukuta. Ulikuja siku moja na matunda, ukakaa kidogo, ukaondoka. Mimi nilikuwa nalala nyuma ya mgongo wake."

"Najua."

"Hujui. Yeye hata rangi ya njano haioni. Anapapasa jani, akikuta bichi anafurahi. Mimi naamka kabla yake, nashuka bondeni, nayakata yote yaliyogeuka, nayaficha nyuma ya choo. Akija mkono wake unakuta mabichi tu. Juzi aliniambia, mama watoto, hawa vijana wana afya."

Daktari wa Matope alimgeukia kwa uangalifu, kama anayeogopa kumwaga kitu.

"Unayakata kwa nini?"

"Si nimekuambia, ili asiyashike."

"Nakuuliza kwa kisu gani."

"Panga letu."

"Unatoka mgomba huu unaingia ule?"

"Sasa nitoke mgomba huu niende wapi, sokoni?"

"Unalisafisha?"

Dada mtu alielewa, kabla hajaambiwa, kwamba panga ndilo lililokuwa likiihamisha kuvu, kwa kuwa si mjinga, hajawahi kuwa mjinga siku hata moja. Alitazama kiganja chake na viatu vyake vyenye tope kavu la bondeni, vilivyokanyaga sakafu ya maabara, na stendi, na barabara nzima iliyopo katikati.

"Na machipukizi aliyowagawia watu," akasema.

"Na yale."

"Ni watu wema wote. Wa kanisani, wa msikitini, mwenye duka. Walimsifia tu." Akavuta pumzi. "Na wewe hukusema neno tangu nimeingia."

"Ningesema nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Si wewe. Ni mimi niliyesema safi."

"Niliukaanga mimi."

"Niliupokea mimi."

Waligombania kosa lile kama walivyokuwa wakisukumiana mwisho wa mkate, ila sasa kila mmoja akilivutia kwake. Kisha wakachoka. Nje, mlinzi alikuwa akimfokea mbwa kwa kulala zamu isiyokuwa yake. Kabati lilikoroma. Daktari wa Matope alichukua kitambaa akafuta meza iliyokwisha kufutwa. Ana hadubini inayoona kitu ambacho hata siafu hawezi kukiona, ana kabati, ana vitabu vyenye picha, na angevitoa vyote kwa yeyote aliyekuwa na neno moja la kumpelekea mwanamume anayetembea akishikilia kamba.

"Andika jingine tu," dada alisema tena, lakini safari hii aliomba. "Si kwa ubaya. Andika migomba imepungukiwa na maji. Atayabeba maji, atakuwa na kazi. Migomba itakufa mmoja mmoja, polepole, naye atazoea polepole. Wewe na mimi tutaichoma kidogo kidogo."

"Na majirani?"

"Nitapita nyumba kwa nyumba. Nitawaambia mume wangu amekuwa mchawi, wasipande kitu chake. Watanisadiki, watu husadiki la uchawi upesi kuliko la kwako."

Daktari wa Matope akakaribia kucheka. Hata akaliona hilo jambo likifanyika, akaona dada yake akigonga milango na uongo wake, akiimaliza heshima ya nyumba yake ili mtu mmoja aendelee kuamka asubuhi. Halafu akamwona Breki akibeba ndoo, akipanda tena palipokufa, akitoa machipukizi mapya kutoka shimo lile lile. Maji yenyewe yakitiririka kutoka mgomba hadi mgomba yakiibeba ile kuvu. Hata huruma katika bonde lile ilikuwa na miguu.

"Siwezi, dada."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Kila ndoo atakayobeba itawaua vijana wake wengine. Atakuwa anawaua kwa mkono wake, na siku moja mtu atamwambia."

Dada mtu aliinamisha kichwa. Kamba ya mkoba aliizungusha kidoleni mpaka kidole kikawa cheupe.

"Basi mwambie wewe," akasema. "Mimi nimeshamwambia mambo mengi maishani. Nilimwambia baba yake amekufa. Nilimwambia leseni hairudi. Hili sina mdomo wake."

"Nitamwambia. Nitakuja Jumapili, nikae naye, nimweleze polepole. Nitaanza na mimi, kwamba nilikosea kipimo. Akinipiga, anipige."

"Hatakupiga. Ndiyo tabu yake. Atasema haya, shemeji, ahsante. Kisha atageuka."

"Labda hatageuka."

"Umeolewa naye wewe?"

Alitaka kumjibu kwamba labda mtu aliyeinuka mara moja anajua njia ya kuinuka, kwamba zipo mboga, upo mpapai ambao nao una shina la kushika. Alikuwa ameanza hata kulisema, "Dada, tukimpandia mipapai," wakati fimbo ilipogonga sakafu ya ujia, ikagonga ukuta, ikaupata mlango.

Dada mtu aliteremka kutoka kwenye stuli kabla mlango haujafunguka wote. Breki alisimama pale, shati lake jeupe limefungwa vifungo sawasawa, ndevu zimenyolewa, na kwenye magoti ya suruali mna alama mbili za udongo mweusi mahali alipopigia magoti asubuhi. Mwenye pikipiki aliyemleta alimwachia mkono akarudi zake. Breki aligeuza uso upande wa kabati, kisha upande wa meza, akatabasamu mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Shemeji," akasema. "Nilisikia udongo ukichimbwa bondeni, nikaona nisingoje kuletewa majibu kama mzigo. Nimevifuata mwenyewe visahani vyako. Na mama watoto nasikia marashi yake, kwa hiyo yupo."

"Nipo," dada alisema.

"Haya." Alipapasa, akaipata stuli, bado ina joto, akaketi. Aliiweka fimbo katikati ya miguu na mikono juu ya fimbo. "Sauti zenu zilisikika tangu getini, sasa naona mmenyamaza. Endeleeni, msinionee haya. Mlikuwa mmefika wapi?"